Scotch Unayoijua Ilitoka Kwa Duka la Chai

Kila msimu wa bonasi naona kitu kilekile hapa Bomet. Mtu ameingiza pesa ya majani, anafika duka la pombe, ananyooshea kidole mzinga ulio rafu ya juu kabisa, analipa, anapiga picha. Ukimuuliza inaonja aje, anakutajia bei. Halafu kuna nyinyi wengine mnaoniandikia inboksi: "Buda, nataka kuanza Scotch, nianze na gani?" Nitawajibu, lakini jibu langu lazima lipitie historia kwanza, kwa sababu hiki kinywaji na majani chai ni watoto wa boma moja, na sisi tunaolima chai ndio tungepaswa kukielewa haraka kuliko watu wote.

Turudi mwaka 1820, mji wa Kilmarnock, Uskoti. Kijana anaitwa John Walker. Baba yake amefariki, shamba limeuzwa, pesa imewekwa kwa duka la vyakula. Duka la kawaida tu, chai na viungo na vitu vya jikoni, na wiski pia. Shida ya wiski wakati huo ilikuwa hii: pipa la leo halifanani na la wiki ijayo. Mteja akipenda ya Jumatatu, akirudi anapata kitu kingine. Lakini wauza chai walikuwa wameshazoea shida kama hiyo. Majani ya mlima huu ni makali, ya mlima ule yana harufu nzuri lakini hayana rangi, kwa hivyo unayachanganya mpaka kikombe kifanane kila siku. Wakafanya vivyo hivyo na wiski. Sheria ya 1860 ikaruhusu kuchanganya wiski nzito ya kimea cha shayiri na ile nyepesi ya nafaka kabla ya kulipa ushuru, na hapo biashara ikafunguka kabisa. Mtoto wake Alexander akatoa mchanganyiko wao rasmi mwaka 1867. Majina ya Red Label na Black Label yakaja 1909.

Na si Walker peke yake. Chivas walikuwa wenye duka la vyakula Aberdeen. George Ballantine, duka, Edinburgh. Matthew Gloag, wa familia iliyotoa Famous Grouse, duka, Perth. Ukiangalia rafu ya juu pale dukani unaangalia wauza sukari na chai wa karne ya 19, waliokuwa na ulimi mzuri na vibandiko vizuri zaidi.

Sasa fikiria majani yetu. Mama anachuma, yanapimwa kwa baingi senta, lori linapeleka Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek au Kapset. Yanasagwa, yanaenda mnada wa Mombasa, yananunuliwa, yanachanganywa na ya kwingine, na kwa paketi kule Uingereza jina la Bomet halipo. Lipo jina la mchanganyaji. Wiski ni hivyohivyo. Kuna viwanda vingi Uskoti ambavyo karibu kila tone lao linaishia ndani ya chupa yenye jina la mtu mwingine. Cardhu ni mfano mzuri: kina Walker walikinunua 1893 ili wiski yake iwe moyo wa mchanganyiko wao. Tofauti ni kwamba siku hizi unaweza kununua Cardhu ikiwa na jina lake. Sisi bado tunangoja, na tunaambiwa bonasi ya upande wetu ni ndogo kuliko ya Mlima Kenya kwa sababu ya soko. Sawa.

Kuna kitu kingine ambacho hakiandikwi kwa kibandiko. Kabla ya kuheshimika, wiski ilikuwa chang'aa. Sisemi kwa kudharau. Watu wa milimani Uskoti walipika usiku, wakaficha mitungi mabondeni, wakakimbizana na watu wa ushuru. Sheria ya 1823 ilipopunguza ada ya leseni, George Smith wa Glenlivet akachukua yake mwaka 1824, na majirani waliobaki kwa magendo wakakasirika mpaka akawa anatembea na bastola mbili. Linganisha na sisi. Kenya ilipiga chang'aa marufuku kwa sheria ya 1980, ikaihalalisha kwa masharti kupitia ile sheria ya Mututho ya 2010, na bado hatujapata Glenlivet yetu. Waskoti walirahisishiwa leseni, mpishi akapata sababu ya kutoka kichakani. Hapa mpishi mdogo hakuweza kufikia masharti, akabaki palepale, na wateja wake wakaendelea kufa kwa sumu, mpaka Kirinyaga mwaka 2024.

Na kwa nini chupa ya wiski hapa kwetu inaheshimiwa hivi? Kwa sababu ilikatazwa. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia pombe kali kuingia sehemu kubwa ya Afrika, na serikali ya kikoloni Kenya ikashikilia kwamba Mwafrika haruhusiwi pombe kali ya chupa, hadi miaka ya 1950. Wazee wetu walikuwa na maiyek ya wimbi, wakikaa kuzunguka chungu na mirija mirefu, na walikuwa na pombe ya asali. Wiski ilibaki kwa klabu za wazungu, na Mwafrika aliiona akiwa amebeba trei. Kitu kikikaa hivyo miongo mizima, siku kikifunguliwa watu hawanunui ladha. Wananunua kiti cha yule aliyekuwa amekaa. Nadhani ile picha ya mzinga kila bonasi inatoka hapo, hata kama anayepiga amezaliwa 2003.

Sasa nifike mahali penyewe. Ile kampuni ya James Finlay, ambayo mashamba yake yalitanda Kericho na Bomet mpaka yalipouzwa kwa kampuni ya Sri Lanka mwaka 2023, ilianzia Glasgow mwaka 1750. Haikuanza na chai. Ilianza na nguo na pamba. Mwanzoni mwa karne ya 19 ilinunua kiwanda cha pamba pale Deanston, kando ya mto Teith. Baadaye ikaingia chai kule India, na katikati ya miaka ya 1920 ikaja huku kwetu, kwenye ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wameshaondolewa. Sehemu yake walikuwa wamepewa maafisa Waingereza waliojeruhiwa vitani, wakajaribu kulima kitani, wakashindwa. Miaka michache baadaye, 1934, serikali ikapitisha sheria ya kuwahamisha Watalai mpaka Gwassi. Hayo mnayajua, tumeyasikia kwa wazee.

Ambalo wengi hawajui ni hili: katikati ya miaka ya 1960 kile kiwanda cha pamba cha Deanston kilifungwa, na Finlay wakishirikiana na watu wa wiski wakakigeuza kiwanda cha wiski. Mto uleule uliozungusha mashine za pamba bado unakipa umeme, na mapipa yanalala kwenye jumba la zamani la kufumia nguo, kwa sababu dari lake la matao linaweka ubaridi vizuri. Baadaye Finlay wakakiuza. Lakini kwa miaka kadhaa kampuni moja ilikuwa na majani ya Kericho mkono mmoja na wiski mkono mwingine. Na wachuma majani waliodai migongo yao imeharibika kazini walipoishtaki kampuni hiyo, walienda mahakama ya Edinburgh. Uskoti si mbali kama tunavyofikiria.

Haya, unanunua nini?

Kwanza, usianze rafu ya juu. Anza na ya kuchanganywa yenye umri ulioandikwa. Black Label imeandikwa 12, na hiyo namba ni umri wa wiski changa zaidi iliyo ndani, si wastani. Isiyo na namba kisheria ina angalau miaka mitatu kwa pipa la mwaloni. Black Label ina moshi kidogo, utamu kidogo, na ni shule nzuri kwa sababu ina kila kitu kwa udogo. Nunua kwota kama duka linayo. Mzinga ni wa nini kama bado hujui unapenda nini?

Pili, nenda kwa kiwanda kimoja. Kwa chupa itaandikwa Single Malt, maana yake ni kimea cha shayiri kutoka kiwanda kimoja. Na kimea unakijua, ni kilekile wimbi unaoloweshwa ukaota kabla ya kupikiwa maiyek. Glenlivet 12 au Glenfiddich 12 zinapatikana maduka makubwa ya Nairobi na Nakuru. Zote ni laini, tufaha na peasi hivi. Kama ni lazima nichague, Glenlivet. Glenfiddich nairudia mara chache, inanichosha kabla glasi haijaisha.

Tatu, na hapa ndipo mtu wa Bomet anawapita watu wa Nairobi: moshi. Wiski za kisiwa cha Islay, kama Laphroaig na Lagavulin, shayiri yake inakaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi unaochimbwa na kuchomwa kama kuni. Mgeni akionja anasema inanuka bandeji na jivu. Lakini wewe umekunywa mursik tangu utotoni, maziwa yaliyolala kwa sotet iliyosuguliwa mkaa wa senetwet. Ulimi wako unajua moshi na uchachu pamoja. Usiruke moja kwa moja hadi Laphroaig, pitia Talisker 10 kwanza, ina moshi na pilipili na chumvi ya bahari. Sitashangaa ukiipenda siku ya kwanza.

Deanston 12 ni ngumu kuipata Kenya. Kama una ndugu Uingereza anarudi Desemba, mwambie hiyo badala ya viatu. Ina asali na nta, haina moshi, na unajua sasa ni nani aliyeijengea kiwanda.

Ukinunua popote, angalia stika ya KRA na uipime kwa ile programu yao ya Soma Label, kwa sababu feki zimejaa na bei nzuri sana si bahati. Mimina kidogo, nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, onja kavu, kisha weka kijiko kimoja cha maji safi uonje tena, utaona harufu inafunguka kama majani yakipata maji moto. Barafu inaua harufu. Soda iweke kando kwa glasi ya kwanza tu. Ya pili ni shauri yako.