Poti Mbili, Wateja Wengi: Kadi za Seriali na Intaneti ya Kupiga Simu

Hapa Kamakis tumezoea faiba. Leo turudi nyuma, enzi ambapo intaneti ilipita kwenye poti ya seriali, biti moja baada ya nyingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashirika kadhaa ya Nairobi yalituma barua pepe kupitia kituo cha FidoNet kilichokuwa ELCI. Barua zilikusanywa, kisha zikasafirishwa kwa simu kati ya Nairobi na GreenNet, London. Kwa kazi hiyo modemu moja na poti moja vilitosha.

Mwaka 1995 ARCC ilipoleta intaneti kamili Kenya, na Africa Online nayo ikaingia sokoni, hesabu ilibadilika. Kila mteja aliyepiga simu alihitaji laini yake, modemu yake na poti yake upande wa mtoa huduma. Sasa tazama: SPARCstation ya Sun ilikuja na poti mbili tu, A na B. Mteja wa tatu aende wapi?

Duniani kote watoa huduma wadogo walikuwa na njia mbili: kununua kifaa maalumu cha kupokea modemu nyingi, au kuchomeka kadi ya seriali ndani ya mashine. Sun yenyewe iliuza kadi ya SBus yenye poti nane, na kwenye PC za Linux kulikuwa na AST FourPort yenye poti nne.

Kuchomeka kulikuwa rahisi. Kazi ilianza baadaye. Kwanza, chipu. Kwa kasi ya biti 38,400 kwa sekunde, baiti 3,840 huingia kila sekunde. Chipu ya 16450 humkatiza prosesa kwa kila baiti. Poti nane zikijaa, ni zaidi ya mara 30,000 kwa sekunde! Chipu ya 16550A ina foleni ya baiti 16. Ukiipanga iite zikifika 14, poti moja huita kama mara 274 tu.

Pili, draiva. Kwenye SunOS 4 mara nyingi ulilazimika kujenga upya kiini cha mfumo na kuwasha mashine upya.

Tatu, na hapa ndipo usalama ulipo, waya wa DCD, unaoiambia Unix kwamba simu imekatika. Usipofika kwenye poti, mteja akikata simu mfumo haujui. Anayepiga baada yake anaweza kujikuta ndani ya akaunti ya mwenzake, anasoma barua zake.

Na gharama je? Thika na Juja zilitumia msimbo 0151, Nairobi 02. Kwa hiyo kupiga modemu ya Nairobi kutoka huku ilikuwa simu ya masafa. Laini ikikatika katikati ya barua, unaanza upya, na bili inaendelea kupanda.

Kebo ya SEACOM ilifika Mombasa mwaka 2009, na modemu za simu zikasahaulika taratibu. Lakini seriali haijafa. Ruta nyingi bado zina poti ya konsoli, na mtandao ukizima kabisa, fundi huingilia hapo. Kwa hiyo kijana unayesomea mitandao, jifunze DCD, RTS na CTS. Siku moja vitakuokoa.