Honda Ilipomeza Kiburi Chake

Kuna sentensi moja ukiitoa mbele ya wasee wa pikipiki kubwa, lazima wakuangalie vibaya: "Nauza ile ya silinda nne, nanunua ya silinda mbili." Wataanza: Umezeeka? Umeishiwa na pesa? Umeogopa spidi? Kwao silinda nne ni cheo, na kushuka hadi mbili ni kama kurudishwa darasa.

Sasa leo nawapea hadithi ya kampuni iliyofanya hivyo hadharani, dunia nzima ikitazama. Na si kampuni ya mtaani. Ni Honda. Mwishoni nitawaambia mbona hii hadithi imekuwa ikininyima usingizi.

Kwanza tuelewane kuhusu injini. Ya silinda nne ina pistoni nne ndogo na nyepesi, zinazopanda na kushuka haraka sana. Nguvu yake imejificha juu, injini ikishaanza kupiga mayowe. Ya silinda mbili ninayoongelea ina pistoni mbili kubwa zilizokaa kwa umbo la herufi V, kwa hivyo tuiite V-mbili. Hii haipendi kuzungushwa sana, lakini ukifungua mafuta ukitoka kwenye kona inavuta papo hapo, kutoka chini. Moja inalia kama nyigu aliyekasirika, ingine inanguruma. Halafu shika hili moja, kwa sababu ndilo shina la hadithi yote: ukubwa wa injini ukiwa sawa, kwa kawaida ya silinda nne ndiyo hutoa nguvu nyingi zaidi.

Honda walilijua hilo mapema. Miaka ya 1960 walikuwa na pikipiki ya mashindano ya 250cc yenye silinda sita. Sita! Kila silinda ndogo kama kikombe cha kahawa chungu. Mwingereza Mike Hailwood aliipanda akawa bingwa wa dunia wa 250cc mwaka wa 1966 na 1967. Kisha 1969 wakatoa CB750, silinda nne kwa mstari mmoja, pikipiki ya barabarani ambayo mtu wa kawaida angeweza kununua. Kuanzia hapo silinda nyingi ikawa kama jina la pili la Honda.

Huko Bologna, Italia, kampuni ndogo iitwayo Ducati ilikuwa na mawazo tofauti. Injinia wao, Fabio Taglioni, alichora V-mbili ya digrii 90 na akaishikilia. Mwaka wa 1972 Paul Smart alishinda mbio za maili 200 za Imola akiwa juu ya injini hiyo, na mwenzake Bruno Spaggiari akamaliza wa pili, pia kwa Ducati. Mwaka wa 1978 ikatokea kali zaidi. Hailwood, yule yule wa silinda sita, alirudi kwenye mbio za kisiwa cha Man. Alikuwa na miaka 38 na hakuwa amekimbia huko kwa miaka 11. Akapanda Ducati ya silinda mbili, akashinda, na mmoja wa aliowapiga alikuwa Phil Read kwa Honda ya silinda nne.

Lakini siku moja nzuri haibadilishi dunia. Kilichobadilisha mambo ni karatasi ya sheria.

Mwaka wa 1988 yalianza mashindano ya dunia ya Superbike, ya pikipiki zinazotokana na zile zinazouzwa dukani. Waandaaji walijua ukizipanga zote kwa 750cc, silinda mbili itafinywa. Kwa hivyo sheria ikasema: silinda nne mwisho wako ni 750cc, silinda mbili unaruhusiwa mpaka 1000cc. Na mwanzoni silinda mbili iliruhusiwa hata kuwa nyepesi zaidi.

Miaka miwili ya kwanza Honda walicheka tu. Mmarekani Fred Merkel alichukua ubingwa wa 1988 na 1989 kwa RC30, silinda nne za umbo la V. Halafu Ducati wakaamka. 1990 Raymond Roche. 1991 na 1992 Doug Polen. 1993 Kawasaki wakapenya na Scott Russell. 1994 na 1995 Carl Fogarty kwa Ducati. 1996 Troy Corser, Ducati tena. Hesabu mwenyewe kutoka 1988 hadi 1999: misimu 12, Ducati wamebeba 8.

Honda walijibu vipi? Kwa silinda nne nyingine. RC45 ilikuja 1994, mashine ya bei ya kutisha, imejaa teknolojia. Kwa miaka sita ilileta ubingwa mmoja tu, wa John Kocinski mwaka wa 1997.

Hapo kati kuna kisa ambacho watu hukisahau. Fogarty, akiwa bingwa mara mbili kwa silinda mbili, alihamia Honda mwaka wa 1996. Yaani alifanya kinyume cha hadithi yetu: kutoka mbili kwenda nne. Si ati alianguka kabisa, alishinda mbio kadhaa. Lakini alimaliza msimu akiwa wa nne. Mwaka uliofuata akarudi Ducati, na 1998 na 1999 akawa bingwa tena. Hakuna aliyemcheka kwa kurudi. Ama kama walicheka, alikuwa mbele sana, hakuwasikia.

Na 1999 aliyemaliza wa pili nyuma ya Fogarty alikuwa kijana wa Texas, Colin Edwards, akiikamua ile RC45 mpaka tone la mwisho. Alikuwa na kipaji na timu ya kiwanda nyuma yake. Kilichokosekana ni 250cc ambazo sheria ilikuwa imewapa wengine.

Basi Honda wakameza kiburi. Mwaka wa 2000 wakaleta VTR1000 SP-1, ile Wamarekani wanaiita RC51. Silinda mbili, umbo la V, digrii 90, 999cc. Ni kama walimwambia Ducati: mchezo wako tumeuelewa, na sisi tunaucheza. Msimu ulifunguliwa hapa hapa Afrika, Kyalami, Afrika Kusini, na Edwards akashinda mbio ya kwanza kabisa. Raundi iliyofuata, Phillip Island huko Australia, Fogarty alianguka vibaya, na jeraha hilo likamaliza kazi yake ya mashindano. Mwisho wa mwaka Edwards alikuwa bingwa wa dunia. Mwaka wa kwanza wa injini mpya, bana.

Mwaka huo huo pikipiki ya familia hiyo ilishinda Saa 8 za Suzuka, mbio ambazo Honda huzithamini sana kwa sababu ni nyumbani kwao Japani. Mwaka wa 2001 Edwards alishinda tena huko, akipokezana usukani na Valentino Rossi.

Kisha 2002. Kama hujawahi kutazama msimu huo, tafuta jioni moja utulie. Troy Bayliss wa Ducati alianza akichapa kila mtu. Alikuwa ameshinda mbio 14 kati ya 17 za mwanzo, na pengo lilifika pointi 58. Watu walishamvika taji. Edwards akashinda moja. Akashinda ingine. Akaendelea hadi akashinda mbio tisa mfululizo, zote zilizobaki, na kumaliza kazi Imola, nyumbani kwa Waitaliano, akiwa juu ya V-mbili ya Kijapani.

Sasa ukidhani hadithi inaishia hapo, kwamba silinda mbili ndiyo ukweli na nne ni uongo, hujaelewa. Kuanzia 2003 sheria iliruhusu silinda nne pia zifike 1000cc. Ile faida ikayeyuka. Edwards akaenda MotoGP, timu ya kiwanda ikaondoka, na Honda kwenye pikipiki za aina hiyo wakarudi silinda nne na CBR1000RR. Hawakulia wala kufanya mazishi.

Na Ducati, walinzi wa imani? Mwaka wa 2018 walitoa Panigale V4. Silinda nne! Mwaka wa 2019 wakaipeleka Superbike, na Álvaro Bautista akashinda mbio 11 za kwanza. Kwa hivyo aliyebadilisha ili kumpiga Ducati alirudi alikotoka, na Ducati naye akabadilisha. Wanaobaki wakitukanana kuhusu idadi ya silinda ni sisi mashabiki.

Niliahidi kuwaambia mbona hii inaninyima usingizi. Niliacha chuo mwaka wa pili. Kwa muda mrefu nimekuwa nikijitetea kwa hadithi kama za Honda: ona, hata wakubwa wanabadilisha njia! Nimeisema kwa kamera, nimeisema kwa shangazi zangu kwenye harusi. Lakini nilipokaa na historia yenyewe niliona aibu kidogo. Honda hawakubadilisha injini kwa sababu roho iliwatuma. Walipigwa miaka kumi, wakakaa chini, wakasoma sheria, wakapiga hesabu, wakajenga kitu kinachofaa sheria hiyo. Mimi nilipoondoka sikuwa nimesoma chochote. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na simu yenye kamera nzuri. Hicho si kitu kimoja.

Juzi mamangu aliniuliza kama nimewahi kufikiria kurudi, hata masomo ya jioni. Zamani ningemjibu kwa ukali, kwa sababu nilikuwa naona kurudi ni kukubali kwamba nilishindwa. Safari hii nilimfikiria Fogarty mwaka wa 1997, akipanda tena ile mashine aliyoiacha. Nikamwambia, "Mum, acha nipige hesabu kwanza."

Bado nazipiga. Lakini wewe unayetaka kuuza nne ununue mbili, ama kuuza mbili ununue nne, ama kuacha kozi, ama kurudi kwenye kozi: usiniulize ipi ni bora. Niambie tu, sheria za mbio unayokimbia sasa umezisoma?