Teke la Mwepu Ilunga: Ujinga au Faulo ya Makusudi?

Tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, Zaire ilikuwa ikicheza na Brazil katika Kombe la Dunia. Kipindi cha pili kikielekea ukingoni, Brazil walipewa mpira wa adhabu, na Wazaire wakapanga ukuta. Refa Nicolae Rainea wa Romania alipopuliza filimbi, beki Mwepu Ilunga alichomoka ukutani, akaufikia mpira kabla ya Mbrazil yeyote na kuubutua mbali. Alioneshwa kadi ya njano. Watangazaji wa Ulaya walicheka, na kwa miaka mingi picha hiyo ilirudiwa kama ushahidi kwamba Waafrika walifika Kombe la Dunia bila kujua sheria za mpira.

Insha hii inapinga maelezo hayo. Teke lile lilikuwa faulo ya makusudi: mchezaji anaijua sheria, anaijua adhabu yake, anapima, kisha anaivunja.

Mwepu alitoka Tout Puissant Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe, klabu iliyotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Machi 1974 Zaire ilichukua Kombe la Mataifa ya Afrika huko Misri kwa kuifunga Zambia 2-0 katika mechi ya marudio. Je, beki wa kiwango hicho alikuwa hajawahi kuona mpira wa adhabu? Hoja ya ujinga inaanguka yenyewe.

Kigumu zaidi ni kujua sababu. Miaka mingi baadaye Mwepu alitoa maelezo mawili. Mara moja alisema alitaka atolewe nje, kwa kuwa hakuona haja ya kuumia uwanjani ilhali watakaonufaika na fedha wameketi jukwaani. Wachezaji walikuwa wamegundua kwamba malipo waliyoahidiwa hayaji. Mara nyingine alisimulia vitisho. Baada ya kufungwa 9-0 na Yugoslavia, watu wa Mobutu waliwaendea hotelini na kuwaambia kwamba wakifungwa mabao manne na Brazil, hawatarudi nyumbani. Mchezo uliisha 3-0.

Wengine husema maelezo mawili ni dalili ya uongo. Sikubaliani nao. Mtu anaweza kudai haki yake na kuogopa kwa wakati mmoja, na ushahidi wa mdomo mara nyingi hutoa upande mmoja leo na mwingine kesho, kutegemea nani anauliza. Tena kuna jambo la kuzingatia. Kadi zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la 1970, na nyekundu ya kwanza kabisa ilitolewa katika mashindano hayo hayo ya 1974, kwa Carlos Caszely wa Chile, tarehe 14 Juni. Siku nne baadaye, dhidi ya Yugoslavia, Mwepu alimpiga refa teke, lakini refa akamtoa Ndaye Mulamba kimakosa. Kwa hiyo Mwepu alijua vizuri kwamba mtu anaweza kutolewa uwanjani.

Sasa tulinganishe na Johannesburg, 2 Julai 2010. Dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza, Luis Suárez wa Uruguay alizuia kwa mikono mpira wa kichwa wa Dominic Adiyiah uliokuwa ukiingia golini. Alipewa nyekundu, Asamoah Gyan akagonga mwamba kwa penati, na Ghana ikatolewa kwa matuta 4-2. Wengi walimlaani Suárez, wengine wakamsifu kwa kujitoa mhanga, lakini sikumbuki mchambuzi hata mmoja aliyesema kwamba Waruguay hawajui sheria. Aliyevunja sheria akafaidika akaitwa mjanja. Aliyevunja sheria bila faida akaitwa mjinga. Nadhani rangi na umaskini wa Zaire vilisaidia sana katika kuchagua majina hayo.

Katika vibanda vya video vya Mbarara, kuanzia Nyamitanga hadi mjini, bado hutasikia ubishi kuhusu Suárez ukikosa watetezi. Kuhusu Mwepu, kicheko ndicho huja kwanza. Kule Nakivale, ambako Wakongo ni wengi na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha na wenzao wa Burundi na Rwanda, habari ya mwanajeshi anayekuja mlangoni na kukutajia matokeo anayoyataka haihitaji kufafanuliwa.

Mwepu alifariki Mei 2015. Ndaye, aliyefunga mabao tisa katika Kombe la Afrika la 1974, rekodi isiyovunjwa mpaka leo, alipigwa risasi na majambazi mwaka 1994, kisha akakimbilia Afrika Kusini kama mkimbizi. Mwaka 1998, katika mashindano ya Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumwombolezea kwa taarifa za uongo kwamba amekufa. Alikuwa hai. Alifariki Johannesburg mwaka 2019.