Cheti si shamba: tokeni za michezo ya kompyuta na kumbukumbu za Nyeri

Mada ya leo ni michezo ya kompyuta, lakini nitaanzia shambani. Msishangae, mtaona tunakoelekea.

Mwaka wa 2018 mkahawa mmoja wa hapa Nyeri, Betty's Place, uliingia kwenye habari kwa kuwakubalia wateja walipe kwa bitcoin. Kwa hiyo sarafu za kidijitali si habari ngeni katika miji ya Mlima Kenya. Ninachoulizwa siku hizi na vijana wanaojua kwamba kazi yangu ni kuandika programu ni jambo jingine: "Kaka, kuna upanga wa gemu unauzwa kama tokeni kwenye blokucheni. Nikiununua ni wangu kabisa, hata kampuni haiwezi kuninyang'anya. Nichukue?"

Jibu langu ni hapana. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta, lakini sababu nzuri zaidi ya jibu hilo wanaijua wazee wetu.

Baada ya uhuru wa 1963, walowezi wengi waliuza mashamba yao ya Laikipia na Bonde la Ufa. Watu wa Nyeri walikuwa wamebanana kwenye vishamba vidogo, na mtu mmoja hangeweza kununua ranchi nzima. Wakachanga. Zikaundwa kampuni na vyama vya ushirika vya kununua ardhi. Kila mwanachama alilipa, akapewa cheti cha hisa, akakihifadhi nyumbani kama mboni ya jicho.

Lakini mwenye shamba alikuwa kampuni. Cheti kilisema tu kwamba una haki ya kudai fungu lako kwake. Nani apate ploti karibu na mto na nani apelekwe kwenye ukame, ardhi ipimwe lini, hati miliki itoke lini, hayo yote yalikuwa mikononi mwa wakurugenzi na ofisi za serikali. Wengi walifanikiwa, wakahama, na familia zao zina hati hadi leo. Wengine waliangukia vipande vidogo katika sehemu za Laikipia ambako mvua haitoshi hata kwa mahindi. Hawakuhamia kamwe, na mifugo ya watu wengine ikalisha humo. Katika Embakasi Ranching ya Nairobi, kampuni ya miaka ya 1970, wenye vyeti walizungushwa kwa miongo wakifuatilia hati, huku ploti moja ikidaiwa na zaidi ya mtu mmoja.

Hapo ndipo pa kutia alama, ndugu msomaji. Wengi wa watu hao hawakuwa na cheti bandia. Kilikuwa na muhuri halali na jina sahihi. Pengo lilikuwa kati ya karatasi na udongo.

Sasa turudi kwenye tarakilishi. Blokucheni ni daftari ambalo nakala zake zimewekwa kwenye kompyuta nyingi, hivi kwamba mtu mmoja hawezi kufuta mstari peke yake. Tokeni ya mchezo, ambayo mara nyingi hufuata kiwango kiitwacho ERC-721 kilichopendekezwa mwaka wa 2018, ni namba, anwani ya mmiliki, na kwa kawaida kiungo cha kukupeleka penye picha na maelezo. Basi. Upanga wenyewe haumo. Umbo lake, makali yake na jinsi unavyomjeruhi adui ni programu na data zilizo kwenye seva za kampuni. Kampuni ikiamua kesho kwamba namba yako ni kijiko, daftari halitapinga.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Mwezi Mei 2019, gari moja la mchezo wa F1 Delta Time liliuzwa kwa zaidi ya dola 100,000 kama tokeni. Machi 2022 leseni ya kutumia jina la Formula 1 ilikuwa imekwisha na mchezo ukafungwa. Wenye tokeni walipewa fidia ya vitu vya michezo mingine ya kampuni hiyo. Tokeni za zamani hazikufutwa kwenye daftari, ila barabara ya kuendeshea magari hayo ndiyo haikuwepo tena.

Wauzaji hujibu kwamba utahama na upanga wako hadi mchezo mwingine. Mimi ndiye ningepewa kazi hiyo, kwa hiyo nisikilizeni. Ili upanga wa mchezo A uingie mchezo B, lazima mtu wa mchezo B auchore upya, aandike programu ya kuutumia, na apime usiharibu mashindano. Namba kwenye daftari haimpunguzii hata saa moja ya kazi. Na kwa nini afanye hivyo bure, wakati aliyelipwa ni kampuni A?

Kuna somo la pili, nalo ni la karibu zaidi: kware. Mwaka wa 2013 na 2014 wengi hapa Mlima Kenya na kwingineko nchini walikimbilia leseni za KWS ili wafuge ndege hao. Ilisemekana mayai yake ni dawa ya kila ugonjwa, na yai moja liliuzwa kwa makumi ya shilingi, hata 100. Faida kubwa ilitoka kwa kumuuzia mfugaji mpya mayai na vifaranga. Wafugaji wapya walipokwisha, tukabaki na mayai mengi na walaji wachache, na bei ikaporomoka.

Axie Infinity, mchezo wa kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam, ulikwenda vivyo hivyo. Ili kuanza ulihitaji wanyama watatu wa kidijitali. Wanyama walizaana, waliokuwa nao wakawauzia wageni, na wachezaji wakalipwa tokeni iitwayo SLP. Ufilipino watu waliacha vibarua ili wacheze. Katikati ya 2021 SLP moja ilifika zaidi ya senti 30 za dola. Kabla ya 2022 kwisha ilikuwa chini ya senti moja. Machi mwaka huo huo wezi walikuwa wamechota zaidi ya dola milioni 600 kwenye mtandao wa Ronin, uliobeba mchezo huo.

Nitende haki: daftari lisilofutika lina faida. Lingemzuia mkurugenzi wa kampuni ya ardhi kuongeza majina ya hisa kimyakimya usiku. Lakini lisingeleta mvua Laikipia, wala lisingemlazimisha kuita mpimaji. Na kwa kuuza vitu ndani ya mchezo, hifadhidata ya kawaida inatosha. Counter-Strike imekuwa na soko la mapambo ya bunduki tangu 2013 bila blokucheni. Blizzard ilifungua soko la pesa halisi ndani ya Diablo III mwaka wa 2012, ikalifunga Machi 2014 kwa sababu liliharibu utamu wa mchezo wenyewe.

Kwa hiyo kijana wa Karatina au Nanyuki, kabla hujatuma M-Pesa yako, uliza maswali matatu. Seva ni ya nani, na amekuahidi nini kwa maandishi? Nikitaka kuuza, atanunua mtu anayependa kucheza, au mwingine anayetafuta wa kumuuzia kama mimi? Mchezo ukifungwa, nitabaki na nini mkononi?

Kama unaupenda mchezo, ulipie kama unavyolipia tiketi ya mpira: ufurahie, urudi nyumbani. Lakini usiuze mbuzi ukidhani umenunua shamba.