Homa ya Lamu, Panya wa Entebbe

Mwaka 2004 ulikuwa wa ukame na joto pwani ya Kenya. Lamu, ambako maji ya kunywa ni jambo la kuhesabiwa hata mwaka wa neema, watu waliweka akiba ndani na kuitunza. Katika nyumba za kale za mawe kuna birika, na desturi ni kufuga humo visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Mtungi na pipa la plastiki havina samaki. Maji yakikaa humo muda mrefu bila kumwagwa, mbu aina ya Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana, hupata malezi mazuri.

Kuanzia Mei watu wakaanza kuanguka kwa homa kali, na viungo vikawauma hata mtu mwenye nguvu zake akashindwa kusimama wima. Julai ndiyo ilikuwa kilele. Wagonjwa walioandikwa walifika angalau 1,300.

Pwani homa ikija, kinachoshukiwa kwanza ni malaria. Unatobolewa kidole, tone la damu linapakwa kwenye kioo, linatiwa rangi, na mtu wa maabara anainamia hadubini. Kipimo hiki ni kizuri kwa kazi yake. Lakini hadubini ya kawaida haioni vizuri kitu kilicho chini ya nanomita 200 hivi, na kirusi kilichokuwa kikizunguka Lamu kina upana wa nanomita 70 tu. Kioo kikitoka safi kinakwambia huyu hana vimelea vya malaria, basi. Kinachomlaza hakikitaji.

Ugonjwa wa namna hii haukuwa mgeni pwani. Mwaka 1870 tabibu James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar, alishuhudia homa ya viungo ikipita nyumba hadi nyumba. Wazee walimwambia waliwahi kuiona karibu nusu karne nyuma, yaani mnamo 1823, na wakaiita kidinga pepo. Leo kidingapopo ni jina la homa ya dengi, lakini watafiti waliosoma upya maelezo ya Christie, hasa yale maumivu ya viungo yasiyoisha haraka, wengi wao wanaona ilikuwa chikungunya. Christie hakuwa na chombo chochote cha kumsaidia. Hata Robert Koch alikuwa bado hajaonyesha kuwa bakteria fulani ndiye anayeleta kimeta. Hilo lilikuja 1876. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu za wazee, na kwa maoni yangu hicho nacho ni kipimo, tena cha maana, ijapokuwa hakiwezi kutenganisha homa mbili zinazofanana.

Kirusi cha chikungunya chenyewe kilikamatwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 katika nyanda za juu za Wamakonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika. Marion Robinson alieleza dalili za ugonjwa, W. H. R. Lumsden akafuatilia jinsi ulivyoenea, na R. W. Ross wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, akakitafuta kirusi kwenye damu. Kirusi hakikui bila seli hai, kwa hiyo maabara za zama hizo zilitumia panya wachanga. Majimaji ya damu ya mgonjwa hudungwa kwenye ubongo wa kitoto cha panya. Kikiugua, ubongo wake husagwa na kudungwa wengine. Kisha yanachukuliwa majimaji ya damu ya mtu aliyepona na kuchanganywa na kirusi: panya wakinusurika, umethibitisha kwamba mtu huyo alipigana na kirusi hicho hicho. Ilikuwa kazi ya subira, na ya ukatili kidogo.

Damu ya Lamu haikuhitaji panya ili kutoa jibu. Maabara za KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pamoja na wenzao wa Marekani, zilitumia PCR, mbinu iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983. Chembe za urithi za kirusi hunakiliwa mara mamilioni mpaka kiasi kisichoonekana kiwe kiasi kinachopimika, na jibu hupatikana kwa saa kadhaa. La Lamu lilikuwa chikungunya. Ila PCR ina dirisha jembamba: kirusi hukaa kwenye damu wiki moja hivi. Ukichelewa kupimwa, utaambiwa huna kitu na huku unatembea kwa mkongojo.

Hapo ndipo kingamwili zinapofaa. IgM hujitokeza siku chache baada ya homa na kudumu wiki au miezi. IgG hudumu miaka. Oktoba 2004, homa ikiwa imetulia, wachunguzi walipima damu ya wakazi 288 wa kisiwa cha Lamu. Asilimia 75 walikuwa na kingamwili hizo. Kwa kisiwa cha watu 18,000, hiyo ni takriban 13,500, mara kumi ya wale walioandikwa. Idadi hiyo ndiyo inayonishangaza kuliko yote. Watu wengi waliugua nyumbani, wakanywa dawa walizokuwa nazo, wakapona bila kuhesabiwa na yeyote.

Kabla ya mwaka kwisha kirusi kilikuwa Mombasa, mwanzoni mwa 2005 kikawa Komoro, na kufikia 2006 zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa kisiwa cha Réunion walikuwa wameugua, na kirusi kikafika India. Wanasayansi waliposoma mpangilio wa chembe za urithi, virusi vya visiwani vilionekana ni uzao wa vile vya pwani ya Kenya. Sampuli iitwayo Lamu33 imo katika hifadhi za kimataifa hadi leo. Na mlipuko uliopiga Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwaka 2016 ulipochunguzwa kwa njia hiyo hiyo, kirusi kilikutwa ni cha ukoo ule ule wa Bahari ya Hindi, sasa kikiwa na mabadiliko mawili yaliyokwisha kuonekana India, yanayokisaidia zaidi kukua ndani ya mbu wa Aedes aegypti, yule yule wa mitungini.