Mshahara wa Askari na Jinsi Ulivyohesabiwa

Sisi tukaao Simbo tumezoea kusikia habari za Ujiji, misafara yake na biashara yake ya zamani. Lakini habari ya mshahara wa askari waliopita Kigoma mwaka 1918 haisimuliwi mara nyingi, nayo yafaa kujulikana.

Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha Ulaya, jeshi la Wadachi, ndio Wajerumani, lilikuwa lingali porini chini ya Jenerali von Lettow-Vorbeck. Liliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, katika nchi ya Zambia. Askari Waafrika walizidi 1,000, na wapagazi walikuwa wengi kuliko hao. Wakateremka mpaka ziwani, wakapakiwa melini, wakafika Kigoma, uliokuwa mikononi mwa Wabelgiji tangu mwaka 1916. Kisha gari la moshi likawachukua mpaka kambi ya Tabora.

Mshahara wao wa siku nyingi walikuwa hawajalipwa. Walichokuwa nacho ni karatasi, kwani askari waliandikiwa vyeti vya fedha walizodai. Hesabu yenyewe si ngumu: hutwaliwa mshahara wa mwezi kwa kadiri ya cheo, ukazidishwa kwa miezi isiyolipwa. Tuseme askari adai miezi 24, na mshahara wake ni rupia 20 kwa mwezi. Deni lake ni rupia 480. Na kwa kuwa rupia 15 za Kidachi zilikuwa sawa na mark 20, deni hilo ni mark 640. Lakini mwaka 1923 mark ilianguka vibaya, hata kitita cha noti hakikutosha kununua mkate, na rupia nayo ilikuwa imekwisha kuondolewa nchini na Waingereza. Cheti kikabaki sandukuni, fedha zilizotajwa ndani yake hazipo tena duniani.

Ikapita miaka mingi. Mwaka 1964, mwaka ule ule aliofariki Jenerali, Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali kuwalipa askari waliokuwa hai bado. Husimuliwa kwamba wazee yapata 350 walikusanyika Mwanza mbele ya karani wa benki aliyeleta fedha. Wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine walishika vipande vya nguo za jeshi zilizochakaa, na wengine hawakuwa na kitu. Karani akafikiri, akampa kila mzee ufagio badala ya bunduki, akamwamuru kwa Kidachi aweke begani, ashushe, asimame sawasawa. Wasema hakuna hata mmoja aliyekosea. Mikono ilikumbuka yale ambayo karatasi zilipoteza.

Kisa hiki chapendeza, nasi twakipenda. Walakini twajiuliza: mpagazi angefanya nini na ufagio ule? Hakufundishwa amri za bunduki, alifundishwa mzigo. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita hiyo walihesabiwa kuwa karibu 95,000, na wengi wao majina yao hayakuwekwa palipostahili. Hata mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao, kwa kuwa haikujulikana mwenye haki ni nani wala kijiji chake ni kipi. Hapo hesabu haikushindwa kwa ugumu wa kuzidisha. Ilikosa jina la kuandika juu ya mstari.

Katika vita ya pili vijana wetu waliingia jeshi la K.A.R., na wengine wakafika hata Burma. Safari hii majina yaliandikwa, na miezi ikahesabiwa vema. Askari alipoachishwa alipewa kiinua mgongo kwa kadiri ya cheo chake na miezi aliyotumika. Lakini karatasi za serikali ya Uingereza, ambazo habari zake zilitangazwa mwaka 2019, zaonyesha kulikuwa na jambo la tatu katika hesabu, nalo ni rangi. Askari Mzungu wa cheo cha chini kabisa alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi. Mwafrika wa cheo kile kile, shilingi 3 na senti 50. Basi kwa miezi 40 yule wa kwanza alipata shilingi 400, na huyu wa pili 140.

Zile 260 hazikuandikwa kuwa deni katika cheti cho chote.