Akiba ya Bolti na Nati katika Karakana za Habaswein

Akiba ya bolti na nati huko Habaswein ilianza na gari. Kabla ya hapo wafugaji wa Kisomali wa nyanda hizi hawakuwa na kitu cha kukazwa kwa spana. Nyumba ya aqal ilifungwa kwa kamba, mzigo wa ngamia ulifungwa kwa kamba, na vyombo vya maziwa vilisukwa au kuchongwa. Kazi ya chuma, yaani mikuki, visu na mashoka, ilikuwa ya wahunzi wa Tumaal, nao walitegemea moto na nyundo. Kamba ikikatika husokotwa nyingine palepale. Bolti ikikatika hutafutwa nyingine yenye unene uleule na meno yaleyale, na kama haipo karibu, kazi husimama.

Habaswein iko kusini mwa kaunti ya Wajir, zaidi ya kilomita 100 kutoka mji wa Wajir, kwenye njia inayoendelea kaskazini baada ya barabara za Garissa na Isiolo kukutana Modogashe. Jirani yake kuna kinamasi cha Lorian, ambako mto Ewaso Ng'iro Kaskazini huishia mchangani bila kuiona bahari. Chini ya ardhi kuna hazina ya maji ya Merti, inayoenea kuelekea Dadaab na mpaka wa Somalia. Hali hiyo ya nchi imeleta mashine za aina mbili: magari yanayopita na pampu zinazobaki. Karibu kila bolti iliyomo katika makopo ya fundi wa hapa imetoka kwa moja kati ya hizo mbili.

Magari ya kwanza yalikuwa machache. Enzi za ukoloni nchi hii ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo lililofungwa, na mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Sheria ya mwaka 1934 iliukaza zaidi utawala huo. Malori yaliyoruhusiwa yalikuwa ya serikali, ya askari na ya wafanyabiashara wachache, na chuma chake kilikuwa cha Kiingereza. Meno ya bolti hizo yalifuata kipimo alichokipendekeza Joseph Whitworth mwaka 1841: pembe ya nyuzi 55, na kila unene wa bolti ukiwa na idadi yake maalumu ya meno kwa inchi. Kipimo hicho kilikuwa kimeshaingia Kenya pamoja na reli iliyojengwa kutoka Mombasa kuanzia 1896.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta chuma cha ukoo mwingine. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, Wajir na Garissa zikawa mstari wa mbele, na majeshi yaliyoelekea Kismayu mwanzoni mwa 1941 yalipitia nchi hii. Askari wa Afrika Kusini walikuja na malori ya Ford na Chevrolet, na bolti za magari hayo zilikuwa na meno ya Kimarekani yenye pembe ya nyuzi 60, kama alivyopendekeza William Sellers wa Philadelphia mwaka 1864. Bolti ya robo inchi ina meno 20 kwa inchi katika kipimo cha Whitworth na katika kile cha Kimarekani chenye meno makubwa, kwa hiyo nati ya upande mmoja huingia upande wa pili ingawa haishiki sawasawa. Bolti ya nusu inchi haina msamaha huo. Whitworth ina meno 12, Kimarekani ina 13. Nati huingia mizunguko miwili mitatu, kisha hukwama, na fundi anayetegemea nguvu za mkono huendelea kukaza mpaka meno yakatike. Usumbufu huo uliyakera majeshi ya washirika kila yalikopigana, na ndio uliozifanya Uingereza, Marekani na Kanada kukubaliana mwaka 1948 juu ya meno ya pamoja.

Mapatano hayo hayakusafisha makopo ya mtu yeyote. Mwaka huohuo wa 1948 Land Rover ilianza kuuzwa, na matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na mchanganyiko wa meno ya Kiingereza, makubwa na madogo. Matoleo ya baadaye yalihamia polepole kwenye meno ya pamoja. Gari moja lililokarabatiwa mara kadhaa liliweza kubeba mifumo mitatu kwa wakati mmoja. Hata spana zilichanganya watu: namba iliyoandikwa kwenye spana ya Whitworth ni unene wa bolti yenyewe, ilhali ile ya Kimarekani hutaja upana wa kichwa. Spana mbili zilizoandikwa nusu inchi hazifungui nati moja.

Uhuru haukuurahisisha usafiri wa kaskazini. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, vita vya shifta, vya waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia, vikaendelea hadi mapatano ya Kenya na Somalia huko Arusha Oktoba 1967, na amri za dharura hazikuondolewa katika mkoa wa Kaskazini Mashariki mpaka 1991. Katika miaka hiyo safari ya kufuata spea ilitegemea usalama na ruhusa kabla ya kutegemea fedha. Gari lililokufa halikutupwa. Lilivuliwa kipande kwa kipande.

Visima ndivyo vilivyoyahifadhi meno ya Whitworth. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na misaada ya nje, ilichimba visima virefu katika malisho ya Kaskazini Mashariki, na injini ya dizeli iliyozoeleka visimani ilikuwa Lister kutoka Dursley, Uingereza. Lister ya silinda moja, ile ya nguvu farasi 6 inayozunguka mara 650 kwa dakika, ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na ikabaki karibu vilevile kwa nusu karne. Mwaka 1965 taasisi ya viwango ya Uingereza iliwataka wenye viwanda waiache Whitworth na kufuata vipimo vya milimita. Viwanda vilitii kwa mwendo wao, lakini injini iliyokwisha kufungwa kisimani haikubadilika. Wakati wa kiangazi, ngamia na ng'ombe wakiwa wamepanga foleni kwenye birika, nati moja ya kifuniko cha silinda ilikuwa na thamani isiyolingana kabisa na bei yake. Ndiyo maana fundi mzoefu huwa na kopo la bolti za inchi hata pale ambapo hakuna tena gari la inchi barabarani.

Magari ya Kijapani ndiyo yaliyoleta milimita kwa wingi: Land Cruiser, Hilux, malori ya Isuzu, kisha Fuso na Canter. Ndipo ulipozaliwa usemi wa gereji za leo, wa kuitaja bolti kwa namba ya spana. Fundi huomba "bolti ya kumi na nne", naye msaidizi hujua spana ya kushika. Usemi huo unatosha maadamu magari yote yanatoka Japani. Bolti ya milimita 10 ya gari la Kijapani kwa kawaida ina kichwa cha 14 na hatua ya meno, yaani umbali kati ya jino na jino, ya milimita 1.25, ya Kijerumani ya zamani ina kichwa cha 17, na ya kimataifa 16, nyingi zikiwa na hatua ya 1.5. Ya milimita 8 ina kichwa cha 12 kwa Wajapani na 13 kwa wengine, ingawa meno ni yaleyale. Mtego mbaya zaidi ni bolti ya inchi 5/16. Unene wake ni milimita 7.94, jicho haliwezi kuitofautisha na ya milimita 8, na nati huanza kuingia vizuri. Lakini hatua yake ni milimita 1.41, si 1.25, na baada ya mizunguko michache meno huharibika. Karakana iliyochanganya hizo mbili katika kopo moja ina akiba ya kuhesabika tu.

Akiba yenyewe hainunuliwi dukani isipokuwa kwa sehemu ndogo. Bolti mpya huuzwa kwa kilo katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na aina adimu huagizwa Nairobi, katika maduka ya spea ya Kirinyaga Road, zikasafirishwa kwa basi au lori. Zilizobaki hutoka kwenye magari mabovu. Kuanzia 1991, kambi za wakimbizi za Dadaab ziliongeza malori na Land Cruiser za mashirika ya misaada katika barabara za Garissa na Wajir, na magari hayo yalipochakaa yaliacha chuma kingi na kizuri. Vyombo vya kuhifadhia navyo vilipatikana bure: makopo ya mafuta ya kupikia ya Kimbo na madebe ya mafuta ya msaada. Mafuta machafu ya injini hufukuza kutu, lakini katika vumbi la Habaswein hugeuka tope linaloingia kwenye meno, kwa hiyo bolti iliyopakwa mafuta kidogo na kufunikwa huwa salama kuliko iliyozamishwa.

Uchambuzi una kanuni zake, na nyingine ni za uchumi mtupu. Bolti ndefu huwekwa kabla ya fupi, kwa sababu ndefu hukatwa kwa msumeno, ilhali fupi hairefushwi. Nati hurudishwa kwenye bolti yake palepale inapovuliwa, jambo linaloondoa shaka ya meno bila kipimo chochote. Kichwa husomwa kabla ya kitu kingine: namba 8.8 inaonyesha chuma kigumu kinachofaa springi na usukani, 4.6 ni chuma laini cha mageti na mikokoteni. Bolti za Kimarekani hazina namba bali mistari, mitatu kwa gredi ya 5 na sita kwa gredi ya 8. Isiyo na alama huhesabiwa kuwa laini. Bolti iliyowahi kuvutika, ambayo shingo yake imekonda, haifai hata kama meno yake yanang'aa. Hiyo ndiyo hutupwa kwa shida zaidi, kwani huonekana nzima.

Barabara ndiyo iliyoamua ni aina gani iwe nyingi. Njia ya murram yenye mawimbi hutikisa gari kwa saa nyingi, nati hulegea, na zinazolegea mapema ni za yubolti zinazoshikilia springi kwenye ekseli. Zikishalegea, vyuma vya springi husogea na mzigo wote huangukia senta bolti, ambayo hukatika. Dereva anayejua hukagua yubolti kila anapopakia. Gereji nayo huweka senta bolti za urefu mbalimbali, wosha za springi, na nati za ziada za kukazwa moja juu ya nyingine. Kipande cha ufito laini wenye meno kikitumiwa badala ya bolti kinaweza kulifikisha lori Modogashe, wala si mbali zaidi.

Mvua iliamua kiasi. El Niño ya mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998 iliyakata maeneo makubwa ya Kaskazini Mashariki, malori yakakwama matopeni kwa majuma. Hata msimu wa kawaida unaweza kufunga njia kwa siku kadhaa. Kwa sababu hiyo, akiba ambayo fundi wa Nairobi angeiona kuwa ni fedha iliyolala, huku ilikuwa ndiyo biashara yenyewe.

Wahandisi wa maji walilitazama tatizo hilo la spea kutoka upande wa pili: badala ya kuongeza akiba, walipunguza aina. Pampu ya mkono ya Afridev, iliyoendelezwa miaka ya 1980 kwa majaribio ya Malawi na ya Kwale katika pwani ya Kenya, ilisanifiwa ili kazi ya kawaida ya matengenezo ifanywe kwa spana moja. Ni usanifu bora kuliko unavyosifiwa. Hata hivyo haukuvifaa visima virefu vya mifugo, ambavyo vilibaki na injini na makopo yake.

Pikipiki ziliongezeka baada ya 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo. Boxer na TVS za bodaboda zilizidisha mahitaji ya bolti za milimita 6, zenye vichwa vya 8 na 10, ambazo hupotea upesi na hukatika ndani ya alumini zikikazwa kupita kiasi. Mikokoteni ya punda inayochuuza maji huomba kinyume chake: bolti ndefu laini na wosha pana za kuzuia nati isizame kwenye mbao.

Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka Nairobi na nchi kukosa umeme, serikali, ikishuku wizi wa vyuma vya minara hiyo, ilisimamisha kwa miezi kadhaa biashara ya chuma chakavu, ambayo tayari ilikuwa chini ya sheria ya 2015. Tangu hapo chanzo cha bolti kuukuu kimekuwa jambo la kuulizwa.

Visima vingi sasa vinapata nguvu ya jua. Vishikio vya paneli hufungwa kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, nazo zina tabia zake. Zikikazwa kavu na kwa haraka, meno hushikana na nati haifunguki tena ila kwa kukatwa. Bolti ya kawaida ikiwekwa badala yake kwenye maji ya chumvi, huliwa upesi kwa kugusana na chuma hicho. Kopo lake huwekwa mbali na mengine, likiwa na grisi na funguo za alen namba 5 na 6, za kufungulia bolti za milimita 6 na 8.